Niliambiwa Nile Mchicha

Mara saba niliambiwa nile mchicha. Nilizihesabu. Mara mbili zahanati ya kwetu huko Mgeta, mara moja duka la dawa, mara nne hospitalini mjini. Mara saba, na kila aliyeniambia alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanza mimi nafanya kazi gani hapa duniani.

Basi nijibu hapa. Mimi ni mkulima wa mboga. Mchicha, kabichi, karoti, njegere, vyote vimepita mikononi mwangu. Nimelima matuta ya mlimani tangu niko mwali, na nimeshuka na matenga kichwani mpaka barabarani kwenye malori ya Dar es Salaam. Huko Dar kuna watu wamezaliwa, wameoa na wameota mvi wakila mboga zangu. Nafuga mbuzi wa maziwa. Nina kuku. Halafu mtoto wa mwenzangu amevaa koti jeupe, anatazama khanga yangu na magaga ya miguu yangu, usoni haniangalii, anaandika huku anasema, "Bibi, lishe. Kula mboga za majani."

Naandika sasa kwa sababu miguu imerudi na akili imetulia. Namwandikia mama mwenzangu aliyekaa leo kwenye benchi, nyayo zinamwaka moto, ulimi hauonji chumvi, na anaambiwa ale mchicha. Mama, usiinuke hapo. Namwandikia pia binti aliyekaa pembeni yake, maana yeye ndiye atakayelaumiwa.

Ugonjwa ulianzia mguuni. Ilikuwa masika, njia zetu zinateleza kama zimemwagiwa mlenda. Nilitoka shambani na ndala mbili, nikafika nyumbani na moja.

"Mama, ndala nyingine iko wapi?" Tatu akaniuliza.

Nikatazama chini. Sikuwa na habari. Nilikuwa nimeshuka mlima mzima mguu mmoja peku, juu ya mawe, kisigino kinatoka damu, na mguu haukuniambia kitu.

Tatu ni mwanangu wa tatu, ndiyo maana tukamwita hivyo, na ndiye niliyebaki naye. Wakubwa zake wawili wameolewa mbali. Mimi watu wananiita Mama Tatu, na jina hilo nimelitembea nalo kifua mbele. Sisi Waluguru shamba linapita kwa mama. Matuta yale alilima bibi yangu, akalima mama yangu, nikalima mimi, na baada yangu ni Tatu. Lakini mwenye kauli juu ya ardhi ya ukoo ni mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mama. Kwa Tatu mjomba huyo ni Kibwana, mdogo wangu, ambaye mimi nilimbeba mgongoni na kumpangusa kamasi. Kumbuka hilo, litakuja.

Baada ya ndala ukaja moto. Nyayo zinawaka, ukizigusa ni za baridi. Kisha siafu wasioonekana wakapanda mpaka magotini. Ulimi ukawa mwekundu na laini, unang'aa, hauna hata kale kamkwaruzo ka ulimi. Chai ikawa adui. Chumvi sikuisikia, nikawa naongeza na kuongeza mpaka Tatu akalificha kopo. Uso wangu ukawa na umanjano kama karatasi ya zamani, na ule mlima niliokuwa naupanda nikiimba, nikawa napumzika mara nne kufika tuta la kwanza.

Zahanati wakanitoboa kidole, wakasema damu ndogo. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu, vyekundu na vya njano. Na lishe, bibi, mchicha.

Tatu alifanya nini? Nitasema yote, maana mbele ya watu hayakusemwa. Alichemsha rosela kila asubuhi. Alisaga bitruti. Kila siku ya gulio alinunua ini, akalikata vipande vidogo kwa ajili ya ulimi wangu, yeye na wanawe wakala maharage. Maziwa ya mbuzi yote nilikunywa mimi. Watoto wa Tatu walikunywa chai ya rangi miezi mitatu ili bibi yao apate maziwa.

Na damu ilipanda, ndiyo. Yule kijana wa zahanati akafurahi utadhani amejifungua yeye. "Umeona, bibi? Mchicha huo!" Lakini wakati anashangilia karatasi yake, mimi nilikuwa nimeshika ukuta ili nisianguke. Nikamwambia, "Mwanangu, damu imepanda lakini miguu imekufa." Akasema, "Ni umri, bibi." Akaita mwingine.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unakuwa mzito.

Akili yangu ilianza kuvuja. Sikuona mimi, waliona wenzangu. Niliswali adhuhuri mara mbili. Nilimfungia mbuzi ndani nikamtafuta bondeni mchana kutwa. Na nilikula nikasahau kwamba nimekula. Haya nimesimuliwa, mimi siyakumbuki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko miguu: kwamba lipo jambo kubwa nililolifanya kwa mdomo wangu, na sikuwapo.

Kipupwe kimeingia, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuaga. Kibwana akaja Ijumaa baada ya msikiti kunijulia hali. Nilikuwa barazani kwenye mkeka.

"Dada, mbona umekwisha hivi? Unakula?"

"Nani anipe?" nikasema.

Pembeni ya goti langu kulikuwa na sahani yenye ukoko wa ugali.

"Hii sahani ya nani?"

"Ya Tatu hiyo," nikasema. "Anapika, anakula mwenyewe na wanawe. Mimi hanipi."

Tatu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama!"

"Hanipi," nikarudia.

"Mjomba, amekula sasa hivi. Sahani hiyo ni yake. Muulize yeyote hapa."

"Nimuulize nani? Wanao?" Kibwana akasema. "Mtu ananiambia ana njaa, na mifupa yake naiona. Wewe unaniambia ameshiba. Nikuamini wewe niyaache macho yangu?"

Wiki mbili baadaye akakusanya ukoo barazani pangu. Watu wanane. Alikuwepo Mwanaidi, mdogo wetu wa mwisho, anayekaa kule chini karibu na mto. Kibwana akaongea kama mtu aliyepewa kiti na serikali.

"Dada mwenyewe aliniambia halishwi, na zahanati wamempima," akasema. "Dawa amemeza. Damu imepanda kidogo, na mtaalamu amesema kilichobaki ni lishe. Nilikwenda mwenyewe kumuuliza. Lishe. Sasa Tatu, lishe ya mama yako ni nani kama si wewe?"

Tatu alikuwa ameketi chini, miguu ameikunja, anachora ardhi kwa kidole.

"Kwetu anayemlisha mama ndiye anayelima shamba la mama," Kibwana akaendelea. "Njegere zikishavunwa, dada atahamia kwa Mwanaidi, na matuta ya juu atayalima Mwanaidi. Kama kuna ugonjwa, daktari aandike, tusome."

Umeona? Neno moja tu. Kijana kalitamka huku anatafuta kalamu yake, likapanda mlima, likaingia barazani kwangu, likawa shahidi. Wanaosema "lishe" wangejua linafika wapi, wangemeza mate kwanza.

Kuanzia siku hiyo wanawake kisimani wakawa wananyamaza Tatu akifika. Naye hakunikaripia hata mara moja. Aliendelea kukata ini vipande vidogo.

Mjukuu wangu Salma, binti mkubwa wa Tatu, ni mwalimu. Nasema tena kwa asiyesikia: mwalimu, na amepanga chumba chake mwenyewe mjini, Kilakala. Mimi niliishia darasa la nne. Akapiga simu akisema, "Mleteni bibi huku, mama. Acheni vikao."

Siku chache kabla ya kuondoka, Tatu kwa kuhangaika akanipeleka duka la dawa. Yule muuzaji akanichoma sindano ya neva, nyekundu kama juisi ya rosela, akanipa na mchicha wangu wa mdomo kama wenzake. Basi siku ya tatu nikaamka najisikia mtu. Nikasikia chumvi. Nikamwita Tatu kwa jina lake bila kukosea. Kisha tukapanda lori la kabichi, mimi mbele kwa dereva, Tatu nyuma juu ya mzigo, tukashuka mlima.

Benchi la hospitali nalijua sasa kuliko kitanda changu. Unafika alfajiri, unashika namba, jua linakukuta hapo, linakuacha hapo. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa na mfuko wa karanga za kuchemsha, na kila alipokula moja alinipa moja, hakuniuliza jina. Mambo kama hayo ndiyo yanayomvusha mtu.

Daktari wa kwanza alikuwa mwanaume wa haraka. Tatu, kwa uaminifu wake, akamweleza kuhusu sindano ya dukani. Yule bwana akaruka.

"Nani aliwaambia mjichome? Ninyi watu wa milimani mkoje? Mnachomana madawa ovyo, mtu akiharibika ndiyo mnamleta huku!" Mlango uko wazi, benchi zima linasikia. Kisha akanitazama mwili, akamgeukia Tatu. "Na mama, huyu bibi mnampa chakula kweli?"

Tatu akanivuta khanga ikae vizuri mabegani. Nilitaka kuinuka nimwambie yule bwana maneno ya kilimani, lakini miguu ilikataa. Tukatoka na karatasi ya vidonge vilevile, vyekundu na vya njano, na kuanzia mapokezi mpaka dirisha la dawa nikaambiwa mchicha mara nne.

Nje Tatu akasema, "Hiyo sindano tusiitaje tena, mama. Hata tukiulizwa."

"Hatutaitaja," nikasema.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa letu sisi watu tuliozoea kukaripiwa. Ukimgombeza mgonjwa kwa kusema ukweli, kesho atakuletea uongo mzuri uliopangwa.

Salma akakataa turudi nyumbani. Ikawa siku kama kumi tangu ile sindano, akatupeleka kwa daktari mwingine, binti mwembamba mwenye lafudhi ya Bukoba. Huyo aliinuka nilipoingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwambia Tatu kwa sauti asikie, "Huyu ana wazazi."

Akacheka. Akasema, "Bibi, toa ulimi." Nikwambie, kwa miezi yote ile walinifunua macho, wakanitoboa vidole, wakanipima uzito, na hakuna aliyeuomba ulimi. Akautazama kwa tochi. Akanisimamisha. "Fumba macho, bibi. Usiogope, nipo hapa." Nikafumba. Dunia ikaondoka chini yangu kama mkeka unaovutwa, nikamwangukia kifuani, tochi ikaenda chini ya meza.

"Pole, bibi. Sasa nionyeshe mikono."

Mikono yangu ina mabaka meupe kwenye vidole, mbalanga. Nimeyaficha kwa hina tangu usichana. Akayafuata kwa kidole chake polepole.

"Yapo kwenye ukoo wenu?"

"Mama yangu alikuwa nayo."

"Mama alifariki kwa nini?"

"Uzee. Miguu iliisha nguvu. Alikufa anatambaa."

Akaacha kuandika, akanitazama. Kisha akauliza, "Kuna sindano yoyote umechomwa hivi karibuni?"

Tatu na mimi tukajibu kwa pamoja kama watoto wa shule. "Hakuna."

Akachukua damu kupima vitamini fulani, B12, inayolisha damu na neva. Kipimo hakifanyiki pale, kinapelekwa Dar. Tukasubiri majibu wiki tatu kwenye chumba cha Salma. Siku baada ya siku ile nafuu ya sindano ikaniisha. Siafu wakarudi. Nikaanza tena kumwita Tatu kwa jina la mama yangu. Na huko nyumbani njegere zinatoa maua, maana Kibwana alipiga simu kutuarifu, kama tusingejua njegere zetu zinatoa maua lini.

Majibu yakaja. Vitamini ipo tele.

Yule daktari akaisoma karatasi mara mbili. "Sielewi," akasema. "Bibi, mwili wako unasema hivi, damu yako inasema vile."

Tatu akainama. Nilijua anachofikiri: kama daktari huyu naye atasema lishe, mambo yamekwisha. Na mimi, asubuhi hiyo akili ilikuwa wazi, nikasema, "Tulikudanganya."

"Mama," Tatu akanong'ona.

"Nyamaza, nimechoka. Daktari, nilichomwa sindano dukani siku kumi kabla hujatoa damu. Nyekundu. Hatukusema kwa sababu mwenzako alitufokea mpaka benchi likasikia. Kama na wewe unafoka, foka sasa, mimi niko hapa."

Akaweka kalamu chini.

"Pole sana, bibi," akasema. "Pole kwa hilo. Ninyi mlipaswa kuniambia, na sisi tulipaswa kuwafanya muweze kutuambia." Akasogeza kiti. "Sindano hiyo ndiyo B12 yenyewe. Imeipamba damu, ndiyo maana kipimo kimetupotosha. Lakini iko habari nzuri ndani yake. Ulipochomwa ulipata nafuu?"

"Nilisikia chumvi."

"Basi hiyo ndiyo uliyopungukiwa. Sasa tuone kama inakosekana kwenye sahani. Huwa unakula nini?"

Hapo Tatu akafunguka. Miezi yote ile hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyetaka jibu. Ini, maziwa, mayai, rosela, siku gani, kiasi gani, alikata vipi, aliyataja yote. Daktari aliandika kila kitu.

"Mama," akamwambia Tatu, "huyu bibi analishwa kuliko mimi. Nadhani chakula kinafika tumboni, halafu mwili wenyewe unakizuia mlangoni. Wale askari wa kinga wanaopaswa kupigana na magonjwa wamegeuka, wanalipiga tumbo lake. Hata mabaka ya mikono ni kazi ya askari hao hao. Kuna kipimo cha damu kinachowatafuta. Sindano ya dukani imeshakaa zaidi ya mwezi, haitakisumbua. Leo kwanza natoa damu, halafu hapohapo naanza sindano, sisubiri majibu. Miguu haisubiri karatasi."

Mgonjwa mwenzangu, shika hilo: kwanza damu, ndipo sindano, na siku ileile. Na useme kila ulichochomwa, hata wakifoka. Na vile vidonge vya njano nilivyomeza bila B12 vilipandisha damu vikawadanganya wote, huku neva zinaungua. Hayo ameniambia yeye. Mengine ya kitabibu muulize mwenye kazi yake.

Nikawa nachomwa siku moja ndiyo, siku moja siyo. Sindano ya kwanza na ya pili, kimya. Baada ya ya tatu nilionja chumvi, nikalia machozi juu ya bakuli la uji wa Salma, na ule uji haukuwa mzuri. Baada ya ya tano ile miguu ikaanza kuuma, maumivu ya kweli, ya mawe na kokoto, nikashukuru, maana kinachouma kipo. Nesi aliyekuwa akinichoma alikuwa anasugua mikono yake kwanza ipate joto. Sijui jina lake. Namwombea kila Ijumaa.

Akili ikarudi mwishoni, na iliporudi ikanikuta mtu mwingine. Salma alinisimulia kikao. Mimi nilikuwa nakikumbuka kama ukungu. Nikamuuliza, "Mimi nilisema hivyo? Kwamba mama yako hanilishi?"

"Bibi, ulikuwa mgonjwa."

"Sijakuuliza hilo."

"Ulisema."

Tatu alikuwa nje anafua. Nilimtazama mgongo wake dirishani. Sikumwambia kitu. Nilijiambia kwamba wa kuwajibishwa ni Kibwana na wale wenye makoti, na hasira yangu yote nikaielekeza huko. Ilikuwa hasira ya haki. Lakini nakiri pia ilikuwa inanisaidia kutotazama dirishani.

Siku ya majibu Kibwana aliteremka mwenyewe, amevaa kanzu ya Iddi, amekuja kusoma. Daktari akamkaribisha, akamfungulia karatasi.

"Kingamwili zimeonekana," akasema. "Mwili wa bibi unalishambulia tumbo lake mwenyewe. Vitamini hii haiwezi kupita hata angekula ng'ombe mzima. Atachomwa sindano maisha yake yote, baadaye itakuwa kila baada ya miezi michache. Si lishe. Hakuna mtu aliyemnyima chakula."

"Na kusahau kwake?" Kibwana akauliza.

"Ni ugonjwa huohuo. Wengine husema hawajala wakati sahani iko mbele yao." Akaongeza, "Na hutembea kwenye ukoo. Bibi ameniambia mama yenu alikuwa na mabaka na aliishia kutambaa. Siwezi kumpima aliyekwisha kufa, lakini ningependa watoto wapimwe."

Kibwana akavua kofia yake. Alikaa akiizungusha magotini. Tulipotoka kwa daktari akasimama karibu na ndoo ya taka, akasema, "Dada, mama naye alisema."

"Alisema nini?"

"Nilipokuja kumwona, kabla hajafa. Alisema humpi chakula."

Mimi ndiye nilimlisha mama mpaka siku ya mwisho. Kwa mkono wangu, tonge kwa tonge.

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Uliamini?"

Akatazama kofia. Miaka yote hiyo, Iddi zote, misiba yote, ameketi barazani kwangu, amekula chakula changu akiamini kwamba nilimwua mama yetu kwa njaa. Ndiyo maana kwa Tatu hakuuliza mara mbili. Alishakata hukumu ya mama mmoja, ya pili ilikuwa rahisi.

Nilipiga kelele. Sioni haya kusema. Nilimpigia kelele mdogo wangu katikati ya hospitali, kwa Kiluguru na kwa Kiswahili, mpaka mlinzi akaja. Kibwana akawa anasema, "Dada, yamekwisha, tuyaache."

"Hayajakwisha! Uliyasema barazani mbele ya watu wanane. Utayamalizia palepale mbele ya wanane walewale."

Tulirudi njegere zikiwa zimekomaa, bado siku chache kuvunwa. Nilipanda kutoka barabarani kwa miguu yangu, fimbo mkononi, nimetoka na ndala mbili, nimefika na mbili. Kibwana akawaita wote. Nitampa haki yake: alisimama. Akasema daktari ameandika, akainua karatasi. Akasema alimhukumu Tatu kwa makosa, kwamba matuta ni ya Tatu kama yalivyokuwa, na kwamba mimi pia alinidhania vibaya juu ya mama. Mwanaidi akasema yeye hakuwahi kuyataka hayo matuta, jambo ambalo ni uongo, lakini nikaliacha lipite.

Nilikuwa nimekaa kama bibi harusi. Nikasema, "Haya Tatu, umesikia. Umeridhika?"

Tatu alikuwa amesimama mlangoni. "Nimemsikia mjomba," akasema. "Mjomba aliyarudia maneno. Hakuyaanzisha yeye."

Wote wanane wakageuka kunitazama mimi.

"Tatu," Mwanaidi akasema, "mama yako alikuwa mgonjwa, akili haikuwepo."

"Najua, mama mdogo. Karatasi nimeisoma kabla yenu. Sina kinyongo." Akapiga hatua moja mbele. "Lakini waliosikia ni hawa. Nataka nao wasikie kwa mdomo uleule."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mimi! Niliyetobolewa, niliyeangushwa, niliyeambiwa mara saba nile mchicha, na sasa mwanangu wa kumzaa ananidai mbele ya watu! Nikafungua mdomo nimwambie hivyo. Kisha nikamwona mama yangu, anatambaa, anamwambia Kibwana kwamba simlishi, na hakurudi tena akilini ili ayafute. Mimi nilikuwa nimerudi.

Nikaiweka fimbo chini. Nikainuka bila kushika ukuta.

"Tatu alinilisha," nikasema. "Kila siku. Alinipa ini, wanawe wakala maharage. Nilikula, nikasahau, nikamvunjia heshima mwanangu mbele yenu. Ulikuwa ugonjwa, lakini mdomo ni wangu. Tatu, nisamehe."

Aliingia jikoni. Tukasikia vyombo. Akarudi na ugali na mchicha wa karanga, akauweka mbele yangu, akanimwagia maji nikanawa, kisha akabaki amesimama hapohapo akinitazama.

Nilikula mbele ya watu wanane, tonge kwa tonge. Chumvi niliisikia. Nilipomaliza nikaisafisha sahani kwa kidole, nikaiinua juu, nikaizungusha polepole mpaka kila mtu barazani alipoiona.